Kozi za kuongea Kiingereza Dar: kabla hujalipa ada, hesabu dakika za mdomo wako

Tangazo la karatasi lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme linaahidi Kiingereza cha kuongea ndani ya miezi mitatu, na chini yake kuna namba ya simu. Ukianzia Kariakoo ukapita Manzese na Sinza hadi Mwenge utayaona mengi, na ukiingia ndani huduma zinafanana: ubao, feni, viti vya plastiki, mwalimu mmoja na kitini cha nyakati za vitenzi. Kituo kizuri na kibaya huwezi kuvitofautisha kwa kitini. Vitofautishe kwa sekunde tano zinazofuata baada ya mwanafunzi kukosea mbele ya wenzake.

Hapa tunapima huduma nne ambazo mkazi wa Dar anazifikia akitaka kuongea: darasa la jioni, mwalimu wa nyumbani, klabu ya hotuba, na simu iliyo mfukoni mwake. Tunazipima kwa jambo moja tu, yaani jinsi zinavyomsaidia mtu anayekijua Kiingereza lakini mdomo haufunguki. Ndiye mteja mkubwa wa kozi hizi. Shule za msingi za serikali kwa sehemu kubwa zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, kisha mtoto akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Aliyemaliza kidato cha nne amekaa na Kiingereza cha vitabu miaka minne. Mkataba anausoma, barua pepe anaandika, filamu anafuatilia. Mwambie asimame aeleze jambo, kimombo kinagoma. Anayemuuzia mtu huyu kitini kingine cha nyakati anamuuzia dawa ya ugonjwa asioumwa.

Kinachofunga mdomo

Mwaka 1989 Willem Levelt, mtaalamu wa saikolojia ya lugha kutoka Uholanzi, alieleza kuongea kama kazi yenye hatua tatu: kupanga unachotaka kusema, kukivisha maneno na sarufi, kisha kutamka. Kwa lugha uliyokulia, hatua ya pili na ya tatu zinajiendesha. Kwa lugha ya kujifunza kila hatua inadai umakini wake, na umakini wa mtu una kiasi. Sasa ongeza hofu. Hofu nayo inakula umakini uleule: watanicheka? nimetamka sawa? bosi ananiangaliaje? Kinachobaki hakitoshi kujenga sentensi.

Ndiyo maana kosa la "he" na "she" haliishi. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo kichwa hakijazoea kuchagua. Mpe mwanafunzi zoezi la kuandika, anapata yote. Msimamishe mbele ya watu ishirini aeleze habari za mama yake, "he" inatoka mara tatu ndani ya dakika moja. Mwalimu anayesikia hapo ujinga wa sarufi atarudi ubaoni kufundisha viwakilishi. Mwalimu anayejua kazi atapunguza watu wanaosikiliza, au atampa mwanafunzi nafasi ya kueleza habari ileile kwa mara ya pili.

Hofu hii ina kipimo chake. Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope walichapisha mwaka 1986 dodoso la sentensi 33, kila moja ikijibiwa kwa ngazi tano, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Jumla ya chini ni 33, ya juu ni 165; kadiri namba inavyopanda ndivyo hofu ilivyo kubwa. Waliitazama hofu ya darasa la lugha kwa pande tatu: kuogopa kuwasiliana, kuogopa mtihani, na kuogopa kuhukumiwa vibaya na wengine. Kituo chochote cha Dar kinaweza kulitumia siku ya kwanza na kulirudia mwishoni mwa kozi, na gharama yake ni karatasi na robo saa. Kuna mitego miwili. Sentensi tisa kati ya zile 33 zimeandikwa kwa mtazamo wa kujiamini, kwa hiyo alama zake lazima zigeuzwe kabla ya kujumlisha. Ukisahau, mtu jasiri na mtu mwoga wanasogeleana kwenye jumla. Pili, litafsiriwe Kiswahili. Ukimpa mtu dodoso la Kiingereza kupima hofu yake ya Kiingereza, unapima kusoma.

Lina kasoro moja kwa mazingira yetu. Lilitengenezwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani, na baadhi ya sentensi zake zinauliza kuhusu kuongea na wenye lugha yao. Hapa Dar hofu mara nyingi imekaa upande mwingine. Muuza vitenge wa Kariakoo anaelewana vizuri na mfanyabiashara wa Zambia au Malawi, bei zinapangwa, mzigo unafungwa. Mkalishe muuzaji huyohuyo kwenye semina na Watanzania wenzake kumi na tano, ananyamaza. Mgeni anatafuta maana, mwenzako anasubiri uchapie. Neno lenyewe "kuchapia" linatosha kueleza hali: kosa la ulimi limepewa jina la kejeli, na vipande vya video vya watu waliochapia huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa wiki nzima. Ukitamka vizuri nako hupumui, utaambiwa unajifanya Mzungu. Wapo wanafunzi wanaojua kabisa namna ya kutamka neno lakini wanaliparuza makusudi ili wasionekane wanaringa. Mwalimu asiyelijua hilo atawapa mazoezi ya matamshi mpaka kozi iishe.

Halafu kuna suala la heshima, ambalo vitini havigusi kabisa. Mtu wetu akikutana na mkubwa anaanza na shikamoo, Kiingereza hakina. Wengi wanakwama pale pale mlangoni, kwa kuwa "good morning" kwa mzee wa miaka sitini inawakaa vibaya mdomoni, inasikika kama salamu ya kijiweni. Kozi nzuri inatumia kipindi kizima kwa hili: namna sauti, "sir" na "madam", na kumwachia mkubwa aanze kunyoosha mkono zinavyobeba heshima iliyozoeleka kubebwa na shikamoo. Kipindi kimoja tu, na watu wanaanza kuingia kwenye mazungumzo badala ya kuyakwepa.

Darasa la jioni

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoumiza. Kipindi cha saa moja chenye wanafunzi ishirini. Mwalimu akiongea dakika arobaini, na hicho ni kiwango cha kawaida kwa anayefundisha kwa ubao, zinabaki ishirini. Gawanya: dakika moja kwa kila mtu, nayo ni kama kila mtu amepewa zamu, jambo ambalo halitokei. Wanne wachangamfu wa mbele watachukua kumi na tano, waliobaki wanaitikia kwa pamoja. Chukulia, kwa mfano, ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi kwa vipindi 12. Umenunua dakika 12 za kuongea, yaani shilingi 5,000 kwa dakika. Darasa lingine linalotoza 90,000 lakini linakupa dakika tisa kila kipindi linakuuzia dakika 108, ambazo ni kama shilingi 833 kwa dakika. La pili ndilo la bei rahisi. Wateja wengi hulipia la kwanza.

Dakika tisa zinapatikanaje ndani ya darasa lilelile la watu ishirini? Njia iliyo wazi zaidi ni ile iliyoenezwa na Paul Nation wa New Zealand, ya nne, tatu, mbili. Wanafunzi wanakaa wawili wawili. Mmoja anaeleza jambo kwa dakika nne, mwenzake anasikiliza tu. Kisha wazungumzaji wanasogea kiti kimoja, wanaeleza jambo lilelile kwa msikilizaji mpya kwa dakika tatu, halafu kwa wa tatu dakika mbili. Baada ya hapo zamu zinabadilishana. Ukijumlisha kuhamahama, yote ni nusu saa hivi, na kila mtu ameongea dakika tisa.

Inafanya kazi kwa sababu mara ya pili na ya tatu hatua ya kupanga imeshamalizika. Umakini uliokuwa unatafuta la kusema sasa unaenda kwenye maneno na ulimi. Msikilizaji mpya anazuia marudio yasiwe ya kipuuzi, kwa kuwa yeye ndio kwanza anasikia. Na kuna faida ambayo mtu wa Dar ataipenda: jozi kumi zikiongea kwa pamoja chini ya feni, huku honi za daladala zikiingia dirishani, hakuna anayesikia ulivyochapia isipokuwa mtu mmoja, na yeye anawaza zamu yake.

Zoezi hili huharibika kwa njia zinazojulikana. Mada ikiwa ngumu, kama athari za utandawazi, dakika nne zinakuwa kimya. Anza na njia ya kutoka nyumbani hadi kazini, kupika wali wa nazi, au namna ya kumrudishia mteja fedha. Wanafunzi wakiruhusiwa kuandika maelezo kamili watayasoma, na kusoma kwa sauti ni kazi nyingine. Maneno matano kwenye kikaratasi yanatosha. Msikilizaji akianza kusahihisha, hofu imerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa wanaoanza, dakika nne ni nyingi, shuka hadi tatu, mbili, moja. Na mwalimu akikatisha baada ya duru ya kwanza kwa kuona muda umekwisha, amekata zoezi kabla faida haijaanza.

Kuhusu kusahihisha, tunatofautiana na vituo vingi. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa huko Kanada na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Walimu walipendelea zaidi kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa: ilikuwa asilimia 55 ya masahihisho yote. Lakini wanafunzi waliitikia kwa namna yoyote asilimia 31 tu ya mara hizo. Mara nyingine zote masahihisho yalipita kama hayakusikika. Mwalimu alipomwachia mwanafunzi ajaze mwenyewe, kwa mfano kwa kuanza sentensi na kukatisha pale penye kosa, waliitikia kila mara. Vituo vyetu vina mazoea ya tatu, mabaya kuliko yote mawili: kuuliza darasa zima "amekosea wapi?" Hapo mwalimu ameajiri wazomeaji ishirini. Kinachofaa wakati wa kuongea kwa ufasaha ni mwalimu kuzunguka na daftari, kuandika makosa matano au sita bila majina, na kuyaleta ubaoni dakika kumi za mwisho. Kosa likiwa ubaoni bila mwenyewe, watu wanalichambua bila kuona haya.

Mwalimu akiuliza swali, angalia anangoja muda gani. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza vipindi vya sayansi, aliona walimu wakingoja kama sekunde moja kabla ya kuongea tena. Waliponyoosha kimya hicho hadi sekunde tatu, majibu yakawa marefu na wanaonyamaza wakapungua. Kwa lugha ya kigeni sekunde tatu ni za chini. Mwanafunzi anayehesabu kichwani "yesterday, kwa hiyo kitenzi kibadilike" anahitaji tano. Mwalimu anayeruka kwenda kwa yule mchangamfu wa mbele amemfundisha wa nyuma kwamba akinyamaza kidogo, ataachwa, na hilo ndilo analolitaka mtu mwoga.

Sheria ya "Kiingereza tu", yenye faini ya shilingi mia tano kwa kila neno la Kiswahili, tunaikataa bila kusitasita. Wanaolipa faini ni wale wanaojaribu; anayekaa kimya halipi kitu, kwa hiyo kituo kinatoza ujasiri na kusamehe uoga. Ni ndugu wa kile kibao cha kuvikwa shingoni ukiongea Kiswahili, ambacho baadhi ya waliopita sekondari wanakikumbuka. Ruhusu dakika mbili za kupanga kwa Kiswahili, kisha Kiingereza kitupu mpaka zoezi liishe.

Saa nazo zina uzito. Kipindi cha saa 11 na nusu jioni kinapokea watu waliosimama kwenye mwendokasi kutoka Posta, wana njaa na jasho. Kuita majina katika dakika kumi za kwanza ni kutafuta kimya. Anza na kusikiliza, au maongezi ya wawili.

Mwalimu wa nyumbani

Kwa dakika za mdomo hana mpinzani: saa moja, nusu yake ni yako. Kwa mtu mzima mwenye cheo, mama mwenye duka lake au mzee anayestaafu kazi, ambaye kusahihishwa na kijana mbele ya vijana kunamvunjia heshima, hii ndiyo huduma ya kuanza nayo. Makosa yanabaki kati ya watu wawili.

Udhaifu wake ni huohuo. Baada ya miezi miwili mwanafunzi amezoea sikio moja. Anaongea na mwalimu wake vizuri, kwa sababu ameshajua mwalimu anacheka nini na anasamehe nini. Akiingia chumba cha mkutano pale Posta chenye watu wanane, amerudi sifuri, na sasa anajilaumu zaidi kwa kuwa "nyumbani naweza". Wengi huachia hapo. Tiba ni kuongeza masikio kidogo kidogo: wiki nne na mwalimu peke yake, kisha aje mgeni mmoja asiyefahamika, baada ya wiki mbili watatu, halafu kikundi cha sita hadi wanane. Mwalimu akikataa kuleta wageni kwa hoja kwamba mwanafunzi bado hajaiva, mwulize ataiva kwa moto gani.

Jambo jingine la kukubaliana tangu mwanzo ni mazungumzo unayoyahitaji. Mwanasaikolojia Zoltán Dörnyei alisisitiza kuwa ari ya kujifunza lugha hujengwa na picha ya wewe wa baadaye ukiitumia. Picha hiyo iwe na mahali na watu. Karani wa bandarini anahitaji kueleza kwa simu kwa nini kontena la Lubumbashi limechelewa. Muuguzi anahitaji kumwuliza mgonjwa mgeni maumivu yalianza lini. "Nataka kuongea kama Wazungu" haijengi kitu. Mwandikie mwalimu mazungumzo matatu utakayoyafanya ndani ya mwezi huu, na mfanye hayo kwanza.

Klabu ya hotuba

Vilabu vya Toastmasters vipo Dar. Mtandao huu ulianzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 huko California, kwa ajili ya kufundishana kuhutubia. Haukutengenezwa kwa wanaojifunza Kiingereza, na hilo ulijue kabla hujaenda. Utaratibu wake ni mkali kwa namna inayopunguza hofu: kila kitu kina muda wake, na kadi za kijani, njano na nyekundu zinaonyesha muda unavyokwisha. Hotuba ya kwanza ya mwanachama ni dakika nne hadi sita. Maswali ya papo kwa papo yanajibiwa kwa dakika moja hadi mbili. Kila hotuba iliyoandaliwa ina mtu maalumu wa kuitathmini, ambaye anaanza na yaliyofaa kabla ya kugusa ya kurekebisha. Mtu mwoga anapojua kipindi kitaisha lini, nani atasema nini juu yake na kwa mpangilio gani, nusu ya mzigo imeshushwa. Makofi hupigwa kwa kila aliyesimama, hata aliyekwama. Kwa mtu aliyezoea kuzomewa, hayo si madogo.

Tunachokitilia shaka ni kazi ya mhesabu wa "aa" na "mm". Kwa Mtanzania anayeongea Kiingereza vizuri na anataka kunyoosha hotuba, inafaa. Kwa anayehangaika kutafuta maneno, hizo "aa" ndizo zinazomnunulia muda. Ukizihesabu, unamwongezea mlinzi mwingine kichwani, naye tayari ana walinzi wa kutosha. Badala ya kuzifuta, azibadilishe: "let me think", "how can I put it". Azikariri nane za namna hiyo mpaka zitoke bila kuwaza. Ni vitu vya kukaririwa vichache tunavyovipendekeza bila masharti.

Mgeni hukaribishwa kuhudhuria kabla ya kujiunga, na ada ya uanachama hulipwa kwa miezi sita. Nenda mara mbili ukae kimya. Mara ya tatu omba kuwa mtunza muda: ni kazi yenye maneno machache yaleyale, unasimama mbele ya wote, na hakuna anayetarajia ufasaha.

Simu

Faida ya simu inajulikana: haina macho. Programu za kuongea na mashine zinampa mwoga mahali pa kukosea mara hamsini bila shahidi, na kwa wiki mbili za kwanza tunazipendekeza kwa dakika kumi na tano kwa siku. Zaidi ya hapo faida inapungua, kwa kuwa hofu tuliyoieleza ni ya watu, na mashine si mtu. Vipindi vifupi vya BBC Learning English, kama vile vya dakika sita, vinafaa kwa kufuatisha sauti: sikiliza sentensi, isemee juu yake ukiwa nyuma kidogo, bila kusimamisha. Chukua sekunde thelathini za sauti na uzirudie mara tano. Wengi huchukua kipindi kizima, wanachoka dakika ya pili, wanaona wameshindwa.

Kujirekodi ndiko kunakoleta matatizo. Mtu anajisikiliza, anachukia sauti yake, anafuta, harudii tena. Sauti unayoisikia ukiongea inapita hewani na pia kwenye mifupa ya kichwa, ambayo inaongeza uzito. Kinasa sauti kinachukua ya hewani tu, kwa hiyo inasikika nyembamba na ngeni. Hata ukijirekodi kwa Kiswahili ni hivyohivyo, na ni vyema ujaribu kwanza kwa Kiswahili ili uone kwamba kasoro si Kiingereza chako. Rekodi leo, sikiliza kesho, andika jambo moja tu la kurekebisha.

Siku ya kujaribu

Vituo vingi hukubali uhudhurie kipindi kimoja kabla ya kulipa, kisichokubali, tembea. Ingia na saa ya kupima ya simu. Ibonyeze kila unapoongea wewe, isimamishe unaponyamaza. Chini ya dakika tatu kwa saa, usilipe, hata kama mwalimu anatema yai kama amezaliwa London. Angalia makosa matatu ya mwanzo: nani alisahihisha, wakati gani, darasa lilifanya nini. Kicheko kikitokea, mtazame mwalimu. Akicheka nao, umeshapata jibu. Uliza idadi ya juu ya wanafunzi. Kwa maoni yetu zaidi ya kumi na sita mwalimu mmoja hawezi kuzisikia jozi zote. Lipa kwa mwezi, si kwa miezi mitatu, na epuka kabisa punguzo la kulipa yote kwa mkupuo.

Kampuni zinazonunua kozi kwa wafanyakazi zina kosa lao: kumweka meneja na karani darasa moja. Karani haongei asije akakosea mbele ya bosi, na bosi haongei asije akashindwa na karani. Mwalimu analipwa kufundisha kimya. Gawanya kwa ngazi ya kazi kwanza, ngazi ya lugha baadaye, hata kama ratiba itasumbua.

Anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza kwa wanaotaka kusoma au kufanya kazi nje, achague kwa kigezo kingine kidogo. Sehemu ya kuongea ni dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini mmoja. Katikati yake unapewa kadi ya mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha unaongea hadi dakika mbili. Ufasaha na mtiririko ni kigezo kimoja kati ya vinne, vingine vikiwa msamiati, sarufi na matamshi. Kwa huyu mwalimu wa nyumbani anatosha, ilimradi katika wiki mbili za mwisho aletwe mtahini wa mazoezi asiyemfahamu.

Ukishaanza, jipime wiki ya sifuri, ya nne na ya nane. Rekodi dakika moja juu ya mada ileile, kwa mfano kazi unayoifanya kuanzia asubuhi hadi mchana, bila kuandika chochote kabla. Hesabu maneno, ukiacha yaliyorudiwa kwa kigugumizi. Hesabu na vimya vinavyozidi sekunde mbili, ukitofautisha vilivyo mwishoni mwa sentensi na vilivyo katikati. Vya mwishoni ni vya kupanga la kusema, hata Mwingereza anavyo. Vya katikati ndivyo vinavyopaswa kupungua. Makosa ya sarufi usiyaingize kwenye hesabu hii, yaandike kwenye daftari lake.